Kamera moja, macho mawili: kutengeneza na kutumia kigawapicha cha vioo vinne

Picha ya stereo, ile inayoonekana ina kina ndani yake, ni picha mbili za kitu kimoja: moja imepigwa kutoka upande wa jicho la kushoto, nyingine kutoka upande wa jicho la kulia. Njia nyepesi ni kupiga ya kwanza, kusogeza kamera pembeni sentimita sita au saba, kisha kupiga ya pili. Kwa mwamba inafaa sana. Kwa akina mama wa Kigogo wanaopiga ngoma ya muheme haifai hata kidogo, wala kwa majani ya mzabibu kule Hombolo au Makutupora, maana Dodoma siku isiyo na upepo ni ya kutafutwa. Kati ya picha ya kwanza na ya pili jani limeshageuka, mkono umeshapanda, na macho yakipewa vitu viwili visivyolingana yanachoka.

Kigawapicha ni kisanduku cha vioo vinne kinachokaa mbele ya lenzi moja. Kinachukua mwonekano wa kushoto na wa kulia na kuipanga miwili hiyo kwenye sensa moja, bega kwa bega, kwa mfyatuo mmoja. Kanuni ya kutumia vioo ili kila jicho lipate picha yake ilielezwa na Charles Wheatstone huko Uingereza mwaka 1838, na baadaye makampuni kadhaa ya kamera yalitengeneza vigawapicha vya kufunga kwenye lenzi, Pentax ikiwa mojawapo. Ukikipata kimoja cha zamani kikiwa kizima, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kusawazisha. Usipokipata, kinatengenezeka hapa hapa kwa mbao, vioo na uvumilivu.

Kuna jambo moja linalotawala kazi yote hii. Macho yanasamehe mengi. Yanasamehe rangi zilizopishana kidogo, ukungu wa pembeni, hata upande mmoja kuwa na giza kuliko mwingine. Hayasamehi picha moja kukaa juu kuliko mwenzake. Jicho moja haliwezi kupanda huku lingine likishuka, kwa hiyo tofauti ndogo ya juu na chini huleta maumivu ya kichwa kabla mtazamaji hajajua yanatoka wapi. Karibu kila kipimo utakachokisoma hapa chini kinahusu kuzuia hilo.

Mwanga unavyopita

Ukikitazama kisanduku kutoka juu, vioo viwili vya ndani vimeungana kama herufi V, ncha yake ikielekea kwenye lenzi. Kila kimoja kina nyuzi 45 na kinapeleka mwanga ubavuni. Ubavuni kuna kioo cha nje, kikubwa zaidi, kinachoupeleka mbele tena. Kwa kuwa mwanga umegeuzwa mara mbili, maandishi hayageuki, na picha ya kushoto inabaki kushoto, ya kulia kulia. Hakuna haja ya kuzibadilisha nafasi baadaye.

Wengi wanaojenga mara ya kwanza huweka vioo vyote vinne sambamba kwa nyuzi 45 kamili, kisha wanashangaa. Vikikaa hivyo, nusu ya kulia itaangalia kulia na nusu ya kushoto itaangalia kushoto, na hazitakuwa na kitu cha kukutania. Ni lazima kila kioo cha nje kigeuzwe kidogo ndani. Kwa kamera ya sensa ya APS-C (mm 23.6 kwa 15.7) na lenzi ya mm 35, katikati ya kila nusu kuna pembe ya nyuzi 9.6 kutoka mstari wa kati. Kioo hugeuza mwanga mara mbili ya kinavyogeuka chenyewe, kwa hiyo unahitaji nyuzi 4.8. Ongeza nusu nyuzi ili mionekano miwili ikutane umbali wa mita 2.5, jumla 5.3. Kwa sensa kubwa ya mm 36 kwa 24 na lenzi ya mm 50, jumla ni nyuzi 5.6. Lenzi pana kuliko hizo zinadai vioo vikubwa mno; lenzi ndefu zaidi zinabana picha, ambayo tayari ni nyembamba baada ya kugawanywa.

Vioo: hapa usibane matumizi

Kioo cha kujitazama hakifai. Rangi yake ya fedha iko nyuma ya kioo, kwa hiyo mwanga unarudi mara mbili: mwingi kutoka nyuma, kidogo kutoka uso wa mbele. Kila tawi la mbuyu litakuwa na kivuli chake cha pili, hafifu, pembeni yake. Unahitaji kioo chenye fedha usoni.

Vipo, ila vimejificha. Kichwa cha projekta ya zamani ya vyuoni, ile inayowekewa karatasi ya plastiki angavu juu ya meza yake ya taa, mara nyingi kina kioo cha namna hiyo. Televisheni kubwa za zamani zenye projekta ndani zina kioo kikubwa cha kukata sanduku zaidi ya moja. Mashine za fotokopi na skana zinavyo pia, ila ni vipande vyembamba na mara nyingi havifikii upana unaotakiwa. Pima kabla ya kununua kwa fundi. Kukitambua ni rahisi: kata kona ya karatasi laini, iguse juu ya kioo, tazama kwa pembeni. Ncha ya karatasi ikigusana na ncha ya taswira yake bila nafasi, fedha iko usoni. Ikionekana nafasi ya mm 3 au zaidi kati ya ncha mbili, fedha iko nyuma. Usitumie kucha wala kalamu, alama itabaki.

Vipimo kwa APS-C na lenzi ya mm 35 ni hivi: viwili vya ndani upana mm 30, urefu wa kusimama mm 40, viwili vya nje upana mm 65, urefu mm 60. Usiongeze upana wa vile vya ndani ukidhani unajipa nafasi. Kingo zake za mbele zitaingia kwenye njia ya mwanga wa vioo vya nje na utapata utepe mweusi usioondoka.

Mafundi vioo na aluminiamu wanaotengeneza madirisha watakukatia, lakini simama pale pale na umweleze mapema. Fedha ikae chini juu ya tishu safi, mstari uchorwe upande wa kioo kitupu. Na kisu cha kioo kisichovywe kwenye mafuta ya taa kama walivyozoea, kwa sababu mafuta hutambaa hadi kwenye fedha na doa lake halifutiki.

Kujenga kisanduku

Kitako ni plaiwudi ya mm 9, upana mm 170, kina mm 100. Chora kwanza mstari wa kati kutoka nyuma kwenda mbele, huo ndio mhimili wa lenzi. Kisha chora mstari wa kuukata, mm 10 mbele ya mahali ambapo uso wa lenzi utafika. Mistari hiyo miwili ikikutana, hapo ndipo inakaa ncha ya V.

Vioo vya ndani vigandishwe kwenye kipande kimoja cha mbao ngumu kilichochongwa nyuzi 90 kamili kwenye ncha. Usivigandishe kimoja kimoja kwenye kitako, havitalingana kamwe. Ncha yenyewe iwe kali, kingo za vioo zikutane bila pengo, kwa sababu pengo lolote pale litakuwa mstari mpana katikati ya picha.

Vioo vya nje kila kimoja kina kibao chake cha kusimama, na kibao kinazunguka kwenye skrubu moja. Skrubu hiyo iko juu ya mstari wa kukata, mm 30 kutoka mstari wa kati. Acha mm 10 za kioo nyuma ya skrubu na mm 55 mbele yake. Anza na nyuzi 45, kisha sukuma ukingo wa mbele uingie ndani mm 5. Hapo umefika nyuzi 5.3 kwa karibu. Skrubu ya pili ipite kwenye tundu refu la mm 8 ili uweze kurekebisha na kukaza.

Ukishafunga, umbali halisi kati ya macho mawili ya kamera utakuwa mm 80 na kidogo, si 60 kama mfumo ulivyotoka kwenye karatasi yako. Sababu ni kwamba kugeuza kioo cha nje kunasukuma jicho la kamera nje zaidi. Si kasoro kwa mandhari ya huku, ila inaweka mpaka: kitu cha karibu kabisa kisipungue umbali mara 30 ya nafasi hiyo, yaani mita 2.5. Ukitaka kupunguza, sogeza ncha ya V karibu zaidi na lenzi. Usisogeze vioo vya nje ndani, vitazibwa na vile vya ndani.

Gundi ni suala zito kuliko linavyoonekana. Supa gluu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe juu ya fedha, na silikoni inayonuka siki hula polepole ile fedha ya usoni, ambayo kwa kawaida ni aluminiamu. Tumia silikoni isiyonuka siki, matone matatu tu ya ukubwa wa punje ya mtama nyuma ya kila kioo, kisha uache siku nzima. Ukipaka nyuma yote, silikoni ikikauka inakivuta kioo kikapinda, na picha ya upande huo haitakuwa kali hata ukijaribu vipi.

Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa kabla ya kuweka vioo. Pachika kifuniko cha juu na ukuta wa mbele wenye matundu mawili. Kwa nyuma toboa tundu la lenzi na uzungushie pete ya filta kuukuu iliyotolewa kioo chake, kwa ajili ya kuzuia mwanga tu. Mzigo wote ubebwe na bapa la aluminiamu la mm 25 kwa 3 linalopita chini ya kamera na kufungwa kwa skrubu ya robo inchi ya stendi. Kisanduku kikining'inia kwenye lenzi, kinashuka kidogo kidogo, na kila kinaposhuka kinaharibu yale utakayoyafanya sasa.

Kusawazisha kwa vipande vya karatasi

Tafuta ukuta laini, mrefu wa mita 3 hivi. Kwa pima maji na utepe wa karatasi weka mistari mitatu ya kulala: mmoja usawa wa lenzi, mmoja sentimita 50 juu yake, mmoja sentimita 50 chini. Ongeza alama za msalaba kila sentimita 20. Kamera ikae mita 5 kutoka ukutani, imelala sawa, imetazama ukuta moja kwa moja. Piga kwa f/11, yaani tundu la lenzi likiwa dogo.

Fungua picha kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili, usiipunguze, na ufuate msalaba mmoja: uko pikseli ngapi kutoka juu kwenye nusu ya kushoto, na ngapi kwenye nusu ya kulia? Kwa sensa ya pikseli 6000 kwa 4000, tofauti ya 5 haina neno. Tofauti ya 20 kompyuta itarekebisha. Ikifika 100, rudi kwenye mbao.

Dawa yake ni karatasi ya kawaida ya A4. Unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Ukiweka ukanda mmoja chini ya ukingo wa nyuma wa kibao, kioo cha urefu wa mm 60 kikainama mbele kwa unene huo huo kwenye ncha yake ya juu, picha ya upande huo inashuka au kupanda pikseli 20 hivi. Hiki ni kipimo kizuri sana cha kazi, maana unajua kabla ya kufungua skrubu: tofauti ya 60, kanda tatu. Weka, kaza, piga tena. Ukiona imezidi badala ya kupungua, hamishia karatasi ukingo wa pili. Mara tatu au nne utakuwa umefika. Kisha badilisha karatasi kwa vipande vya bati la kopo la soda, ambalo unene wake ni karibu na huo na halinywi unyevu wala kubonyea.

Tazama na mistari ya juu na chini. Ikiwa ule wa kati umelingana lakini wa juu umeinama kulia upande mmoja na kushoto upande mwingine, kimojawapo cha vioo kimejiviringa pamoja na kuinama, na kosa linaweza kuwa kwenye vioo vya ndani. Usihangaike kusahihisha kosa la ndani kwa kupinda cha nje. Mistari italingana katikati na kupishana pembeni.

Kwa kulia na kushoto, simamisha ufito mita 2.5 mbele ya kamera, katikati. Geuza vioo vya nje hadi ufito uangukie katikati ya kila nusu. Kaza. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu na mbao, ili siku ikisogea uione kwa macho.

Kupiga

Katikati ya picha kuna mshono, mahali ambapo nusu mbili zinafifia na kuingiliana. Haukosekani, ila upana wake uko mikononi mwako kwa sababu unafuata tundu la lenzi. Kwa lenzi ya mm 35 na ncha ya V iliyo mm 35 mbele ya tundu hilo, f/4 hula zaidi ya theluthi ya upana wa sensa, f/8 kama asilimia 19, f/11 kama asilimia 13, f/16 asilimia 9. Chagua f/11 kwa kawaida. f/16 hulainisha picha kidogo, lakini kwa ngoma iliyojaa watu pembe hadi pembe ni heri laini kuliko kukosa mtu mzima katikati.

Fokasi ya kujiendesha mara nyingi huchagua katikati, yaani kwenye mshono wenyewe, na haitapata chochote. Hamishia nukta ya fokasi ndani ya nusu mojawapo, au weka kwa mkono. Kwa f/11, ukiweka mita 5 utapata kuanzia kwenye mita 2.5 hadi mbali kabisa kwa kiasi cha kutosha. Flashi ya juu ya kamera iache. Kisanduku kinaizuia na kutupa kivuli chake chini.

Jua la Dodoma linahitaji adabu. Likiingia tundu moja la mbele na si lingine, nusu moja inakuwa na ukungu mweupe, nyingine safi, na kwenye skrini upande huo unametameta vibaya. Weka kipande cha kadi nyeusi kati ya matundu mawili na pembeni mwake, kitokeze sentimita 5. Kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri vivuli ni virefu na vinasaidia kina. Saa sita mchana ardhi inakuwa bapa hata kwa macho mawili.

Kila nusu ni picha ya kusimama, nyembamba. Kwa hiyo tafuta vitu vinavyosimama au vinavyoondoka kwenda mbali: mbuyu mmoja na kichaka mbele yake, mistari ya zabibu ukiwa umesimama kati ya safu mbili, mawe ya Mlima Simba yaliyobebana. Michoro ya miambani ya Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, ni mahali ambapo kigawapicha kinaonyesha thamani yake kuliko popote katikati ya Tanzania. Picha ya kawaida inaonyesha mchoro kama umechorwa kwenye karatasi. Stereo inaonyesha mwamba ulivyoinama juu ya mchoro na jinsi mstari wa mnyama unavyopanda na kushuka na uvimbe wa jiwe. Pata kibali na mwongozaji pale Kolo, simama mita 2.5 au 3, stendi, f/11, shata sekunde nzima ikibidi. Usiguse mwamba, na kamwe usilowanishe mchoro ili rangi itoke. Maji ndiyo yanayoiondoa.

Kosa la mwisho la kupiga ni kuacha kitu kikatwe na ukingo wa kushoto au kulia kikiwa karibu kuliko mita 2.5. Tawi hilo linaonekana limetokeza mbele ya dirisha la picha na papo hapo limekatwa na dirisha hilo. Akili inakataa. Rudi nyuma hatua mbili.

Kwenye kompyuta

Programu ya bure ya StereoPhoto Maker inatosha. Fungua picha kama jozi ya bega kwa bega, iache ijilinganishe yenyewe, kisha kata mshono. Kata kiasi kile kile kwa picha zote za siku hiyo ili dirisha lisirukeruke zikionyeshwa mfululizo. Hifadhi tena bega kwa bega, kushoto kushoto.

Njia ya miwani ya karatasi nyekundu na samawati ipo na ni nafuu, lakini kwa mandhari ya huku hatuipendekezi. Udongo mwekundu wa Dodoma unang'aa kwenye jicho moja na kuwa mweusi kwenye lingine, na picha nzima inatetemeka.

Kuonyesha kwenye skrini

Kigawapicha hufanya kazi kinyumenyume pia. Kikikaa mbele ya projekta, nusu mbili za picha zinatoka kwenye matundu mawili na kulaliana kwenye skrini moja. Filta mbili za polaraizi, yaani zinazopitisha mwanga unaotetemeka kwa mwelekeo mmoja tu, pamoja na miwani ya polaraizi zinahakikisha kila jicho linaona yake tu. Vioo vyake viwe vikubwa zaidi, na njia ya uhakika ya kuvipima si hesabu. Washa projekta na picha nyeupe, simamisha karatasi pale kioo kitakapokaa na kwa pembe yake, chora ukingo wa mwanga kwa penseli, ongeza mm 5 kila upande. Projekta nyingi hurusha picha kuelekea juu, kwa hiyo utaona mwanga unapanda. Kioo kipande nao.

Chagua projekta ya DLP, ile inayounda picha kwa vioo vidogo sana. Mwanga wa projekta za LCD tayari umepolaraiziwa ndani, na mara nyingi kijani kwa mwelekeo tofauti na nyekundu na buluu, hivyo filta yako itaua rangi moja na kuacha nyingine. Kujua unayo ipi, tazama picha nyeupe kupitia filta huku ukiizungusha. Rangi ikibadilika, achana nayo.

Filta zikae baada ya vioo vya nje, si karibu na lenzi. Sababu ni mbili. Kioo cha chuma huvuruga mwanga uliokwisha kupolaraiziwa kwa mshazari, na filta humeza zaidi ya nusu ya mwanga na kuugeuza joto. Karibu na lenzi itapinda na kuwa kahawia. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 ielekezwe kwenye filta zote mbili. Kuzipanga hakuhitaji kipimo: vaa miwani, fumba jicho la kushoto, zungusha filta ya kushoto hadi jicho la kulia lione upande huo umezima. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Miwani ya sinema nyingi ni ya aina ya mzunguko na haitazimika kwa filta za mstari hata ukizungusha hadi kesho. Nunua miwani na filta za aina moja.

Skrini nyeupe na ukuta uliopakwa chokaa havifai. Vinatawanya mwanga na kuufuta mpangilio wake, na kila jicho litaona picha zote mbili. Chukua bodi laini ya MDF ya futi nne kwa nane, ikate mita 1.2 kwa 1.6, isimame. Mpe fundi wa kupuliza rangi za magari aipulizie rangi ya silva, mapito mawili mepesi, bila vanishi ya kung'aa juu yake. Brashi usitumie, michirizi yake itaonekana kwenye kila anga.

Hesabu ya mwanga ni ya kutisha kidogo, ndiyo maana bodi si kubwa. Projekta ya lumeni 3000 inagawanywa nusu kwa nusu, vioo viwili vinakula kama sehemu moja kwa tano, filta inaacha asilimia 40 hivi, miwani nayo inachukua yake. Kila jicho linabaki na lumeni 300 na kidogo. Silva inarudisha sehemu ya hasara hiyo kwa kuupeleka mwanga mbele, lakini kwa hao hao waliokaa mbele. Wa pembeni sana wataona giza. Panga viti ndani ya upana wa skrini mara mbili, na chumba kiwe cheusi kabisa.

Kwa projekta ambayo umbali wake ni mara 1.6 ya upana wa picha, kaa mita 3.8 kutoka kwenye bodi, maana picha kamili kabla ya kulaliana ina upana wa mita 2.4. Onyesha kwanza ile picha ya ukuta wenye misalaba. Geuza vioo vya nje hadi misalaba ya kati ilaliane, kisha tumia zile zile kanda za karatasi kwa juu na chini. Bila miwani, mistari ya kulala ionekane mmoja tu kuanzia juu hadi chini. Kukiwa na miwili hata kwa upana wa kidole, usianze onyesho.

Mtu akikwambia mti wa nyuma unaonekana umetoboa wa mbele, umebadilisha filta. Akiona vivuli viwili kila mahali, mwambie asiinamishe kichwa. Polaraizi ya mstari inataka miwani ikae sawa. Vivuli vikibaki, paka bodi upya.

Vumbi

Kuanzia Mei hadi Novemba vumbi la hapa linaingia hata kwenye saa ya mkononi. Fedha ya usoni haifutwi kwa kitambaa. Puliza kwanza kwa puto la mpira, si kwa mdomo, mate ni doa. Likigoma, pamba mpya iliyolowa maji ya betri, yale safi ya kuongezea na si asidi, ipite mara moja upande mmoja bila kukandamiza, kisha itupwe. Vioo vyenye vumbi jepesi bado vinapiga picha nzuri. Vyenye mikwaruzo havirudi. Funika matundu yote matatu kila unapomaliza, na baada ya safari ya barabara ya vumbi piga tena ukuta wa misalaba kabla ya kupiga kitu kingine.